Mteja wangu mjane anataka niende naye kwenye kikao cha ukoo, niende au nisiende?

Binti_Njombe
Kamwene wadau, naomba ushauri maana hili limeninyima usingizi wiki nzima. Mi ni afisa ustawi wa jamii huku Njombe vijijini, mwaka wa pili huu kazini. Kuna mama anakuja kwangu kwa ushauri nasaha, mume kafariki mwaka jana, shemeji zake wakachukua shamba la viazi pamoja na miparachichi aliyoipanda yeye na marehemu, wakamwambia ulikuja na begi utaondoka na begi. Hali, halali, ukimuuliza anaumwa nini anasema tu "nina mawazo". Chuo tulifundishwa usizoeane na mteja, usipokee kitu, usichague upande. Sasa huyu ananiita mwanangu, juzi kaja na ndoo ya viazi nikakataa, uso ukamshuka kabisa akasema "kumbe na wewe unanifukuza". Jumamosi kuna kikao cha ukoo anataka twende wote. Nikienda nimechagua upande, nisipoenda haya maneno ninayomwambia kila jumanne yanamsaidia nini?

Mama_Tukuyu
Ugonile mwanangu, pole na kazi. Viazi pokea. Huku kwetu mtu ukimrudishia kitu anajua umemkataa yeye. Mi nilikuwa mnasihi kliniki ya CTC, ya wanaoishi na VVU, miaka 14, ndizi nilizoletewa nilipika tukala wote waliokuwa kwenye foleni siku hiyo, hakuna aliyepata upendeleo.
Na hayo "mawazo" usiyachukulie poa. Kule Harare daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani wakae na watu kwenye benchi nje ya kliniki, Washona wana neno lao kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, si ndo haya haya ya kwetu. Bibi hasikilizi tu akaishia hapo, anakuuliza shida ipi inakubana zaidi mnapanga pamoja pa kuanzia. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha baada ya miezi 6 waliokaa na mabibi dalili zilikuwa zimepungua kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mawazo ya huyo mama yapo kule shambani, nenda nae.

Msaidizi_Kisheria_Mby
Nenda, ila ujue hao shemeji wanasimamia wapi. Tangazo la sheria za mila la 1963 linasema mjane hana fungu kama marehemu kaacha jamaa wa ukoo, eti atatunzwa na watoto wake. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kifungu cha 20 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili. Hakikisha muhtasari wa kikao unaandikwa na jina la mama linapendekezwa kusimamia mirathi, wakigoma afungue mwenyewe mahakama ya mwanzo.

Kalenga_Kwetu
Sheria sawa, ila ukianza na makaratasi mama atapata shamba halafu hakuna wa kumsalimia kisimani. Mtafute shangazi wa marehemu kabla ya jumamosi. Kwetu shangazi akisimama hao wanaume hawampandishii sauti.

Msaidizi_Kisheria_Mby
Mkuu nakuheshimu lakini nimeona haya mazungumzo ya shangazi yakivutwa mpaka msimu unapita shamba limeshauzwa. Afanye yote, ila cheti cha kifo na barua ya mwenyekiti wa kijiji viwe mkononi ijumaa.

Binti_Njombe
Asanteni sana jamani. Jana nimeenda kwa shangazi Makambako, nusu saa nzima ananiuliza mimi mtoto wa nani, tukatafutana weee mpaka ikaonekana bibi yangu mzaa mama wametoka kijiji kimoja. Hapo ndo akaweka jembe chini akasema "shamba lile nilimuona akililima na mimba kubwa". Jumamosi anakuja, na muhtasari wa kikao kasema ataudai yeye. Cheti cha kifo tayari, barua naifuata kesho. Nitakaa nyuma ya mama, nisipoulizwa siongei. Viazi nilimfuata mwenyewe nikamuomba, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Sasa kwenye faili naandikaje hii safari, mkuu wangu wa kazi ataiuliza.

Mama_Tukuyu
Andika umemtembelea mteja na ndugu zake. Na viazi andika, ndoo moja, na waliokula.