Mombasa hadi Voi kwa baiskeli, njia ya reli ya zamani: tairi gani?

Kijana wa Tudor
Salaam aleikum wakubwa. Tuko watatu, twataka kwenda Voi kwa baiskeli tukiifuata reli ya zamani, si SGR, ile reli mpya. Ni kilomita 160 hivi, siku tatu. Baiskeli ni za gia, inchi 26. Swali ni moja tu: tairi gani? Usingizi siupati. Chumba cha Voi nimeshakilipia.

FundiSpoku
Waaleikum salaam. Upana inchi 2.1. Mawe si neno, kazi iko kwenye miiba ya migunga, hasa ukishapita Samburu. Chukua tyubu kuukuu, ikate valvu, ipasue kwa urefu, uitandike ndani ya tairi kabla ya kuweka tyubu nzima. Uzito utazidi kidogo, lakini mwiba mfupi haufiki. Kila mtu abebe tyubu mbili za akiba, viraka, msasa na solushani mbili, maana ikishafunguliwa hukauka. Valvu iwe nene kama ya gari, upate kujaza upepo sheli. Ukipata pancha, pitisha kidole polepole ndani ya tairi kabla ya kurudisha: mwiba uleule ndio hutoboa tyubu ya pili.

Mama Mazeras
Tairi baadaye, mwanangu. Maji je? Madafu ukishapita Mariakani uyasahau, na Taru ni nyika kavu. Hesabu lita moja kwa kila saa ya kuendesha. Kwa lita moja tia sukari vijiko sita vya chai vya kufuta na chumvi nusu kijiko. Ukizidisha chumvi utatapika. Mnaondoka lini, saa ngapi?

Kijana wa Tudor
Mwezi ujao. Maji tutapanga. Je, 1.95 haitoshi?

Mama Mazeras
Mwezi ujao ni Ramadhani. Mnafunga?

Kijana wa Tudor
Tunafunga. Ndiyo maana tutaendesha usiku, kutoka tarawehe hadi daku. Kwanza hakuna jua. Taa tushanunua.

Abu Swafaa
Msafiri ameruhusiwa kufungua akalipa siku nyingine, soma Baqara aya ya 185. Kujitesa si ibada. Na tarawehe zenyewe mtaswali wapi, chini ya mgunga?

Makupa
Usiku, Maungu hadi Voi? Hapo mko kando ya mbuga ya Tsavo. Ndovu aliyejipaka udongo mwekundu humwoni kwa taa ya baiskeli mpaka uwe naye uso kwa uso. Barabarani nako malori. Mwaka 1898 simba wa Tsavo walikula wajenzi wa reli. Nyinyi mwawapelekea daku mpaka mlangoni!

Kijana wa Tudor
Barabarani hatupiti. Tutapita katikati ya reli. Tulijaribu, baina ya mbao na mbao pametulia, baiskeli yateleza tu.

Mataruma
Mbao? Reli ile ina mataruma, yale yanayolaliwa na reli, ya chuma, iliwekwa hivyo kwa sababu ya mchwa. Katikati ni kokoto: gurudumu la mbele linazama, la nyuma linagonga kila taruma, spoku zinalegea kabla ya Miritini. Wewe hujawahi kuikanyaga. Huu uzi umetungwa.

Makupa
Nami nilishangaa, mtu hapati usingizi kwa ajili ya tairi!

Kijana wa Tudor
Wallahi nimeziona. Darajani.

Mataruma
Darajani sawa, madaraja ya chuma hubeba mataruma ya mbao. Ulifika darajani basi. Na zile kilomita nyingine?

FundiSpoku
Iwe kweli iwe hadithi, kuna atakayesoma akaenda. Reli haiendeshwi juu yake, na kuingia eneo lake bila ruhusa ya Shirika la Reli ni kosa. Shika njia za vijijini zinazoandamana nayo, zikikatika rudi barabara kuu. Lala Samburu, kisha Maungu. Hakikisha umefika saa kumi jioni, muda wa kuziba pancha uwepo. Ngoja Juni hadi Septemba: mvua za masika zimekwisha na upepo wa kusi wasukuma mgongoni. Sasa hivi ni joto tu.

Kijana wa Tudor
Mwenye chumba harudishi pesa.

Mama Mazeras
Usimwombe pesa, mwombe akubadilishie tarehe. Na wale wenzako wawili, wanajua kwamba ni usiku?

Kijana wa Tudor
Mmoja anajua.