Kosa linasoma 0.00 lakini ramani imehama mita 300 (Morogoro, QGIS)

Binti_Kilakala

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kabla sijairudisha hii ramani kwenye bomba lake nikaenda kujifunza ushonaji.

Nina shiti ya zamani ya Morogoro, ile ya 1:50,000, iliyochapwa kabla Bwawa la Mindu halijajengwa. Pale kwenye bwawa ramani inaonyesha bonde tu na mto Ngerengere unajipitia. Nataka kuchora mpaka wa chini wa msitu wa Uluguru ulivyokuwa wakati ule, niulinganishe na wa leo kwenye picha ya setilaiti. Ni kazi ya shahada na mwezi ujao nawasilisha.

Nimeiskani, nimeifungua kwenye QGIS (programu ya ramani), kwenye kifaa chake cha jioreferensi, yaani cha kuipa skani mahali pake duniani, nikabofya makutano ya gridi karibu na kona nne na kuandika koodineti zilizochapwa pembeni. CRS (mfumo wa koodineti) nilichagua ule wenye namba EPSG:32737, maana Morogoro ni kanda ya 37 kusini ya gridi ya UTM. Ugeuzi (kanuni ya kuivuta skani ikae kwenye koodineti) nikaweka projektivu. Kosa, yaani nukta zinavyopishana na koodineti nilizozipa, likasoma 0.00. Nilishangilia mpaka jirani akagonga mlango.

Sasa nikiweka picha ya setilaiti chini yake, kila kitu cha kwenye ramani kimekaa kaskazini ya pale kilipo. Stesheni ya zamani ya reli nimeipima: imehama kama mita 300 kaskazini na 90 hivi magharibi. Barabara ya Dar vilevile. Ila kule Kihonda reli imeachana na ya kwenye picha kwa namna nyingine kabisa, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nimerudia mara nne, na mara zote nne kosa ni 0.00. Nakosea wapi?

Chogo_Ramani

Usijitese dada. Weka TPS, ule ugeuzi unaovuta ramani kama mpira, chukua nukta 30 kwenye picha ya setilaiti, njia panda, madaraja, kona za mto, ivute mpaka ikae. Mimi ndivyo ninavyofanya na bosi hajawahi kulalamika.

Mluguru_wa_Bondwa

Kihonda umelinganisha na SGR, reli mpya, dada. Ramani yako inaijua reli ya Mjerumani tu, iliyofika Moro 1907. Fuata ile ya zamani kwenye picha utaikuta nayo imehama 300 zilezile.

Mpima_Mstaafu

Binti, hujambo. Ramani yako haina ugonjwa, na wewe hukubofya vibaya. Soma maandishi madogo chini ya shiti, pale panapotajwa projeksheni. Utakuta sferoidi (duaradufu, umbo la dunia lililotumika kukokotoa) ni Clarke 1880 na datumu (jinsi umbo hilo lilivyofungwa kwenye dunia) ni Arc 1960. Namba za gridi ulizoandika ni za Arc 1960, wewe kwa ile 32737 ukaiambia kompyuta ni za WGS 84, datumu ya zama za setilaiti. Ni sawa na mtu aliyekuambia mkutane saa mbili kwa saa za Kiswahili, wewe ukaandika saa mbili ya Kizungu. Namba ni moja, pa kuanzia kuhesabu ndipo panapotofautiana.

Hizo mita 300 kaskazini na 90 magharibi kwangu ni kama alama ya kidole. Duaradufu ya Arc 1960 haikukaa kwenye kitovu cha dunia. Kwa hapa Tanzania imepishana na ya WGS 84 kwa mita kama 350. Hilo si kosa la waliopima. "Arc" ni ule upinde wa meridiani (mstari wa longitudo) ya 30, wazo la David Gill: mlolongo wa pembetatu kutoka Afrika Kusini hadi Misri, na pengo lake la mwisho likazibwa 1954. Watu walibeba theodolaiti, vyombo vya kupimia pembe, vilimani kwa miaka. Setilaiti hazikuwapo za kuwaambia kitovu kiko wapi.

Dawa yake ni fupi. Usiigeuze projeksheni, ibatize upya tu. Bofya kulia kwenye leya, iwekee CRS ya EPSG:21037. Ndiyo UTM ileile ya 37 kusini, lakini ya Arc 1960. QGIS ikikuuliza utumie ugeuzi upi kwenda WGS 84, chagua wa Tanzania, wenye -175, -23, -303 (mita za kusogeza kitovu kwenye mihimili mitatu). Ukichukua wa Kenya kwa bahati mbaya utapishana kama mita 10. Na ukiifanyia ramani ugeuzi kutoka 32737 wakati 32737 yenyewe ni jina la uongo, utahamisha uongo kutoka faili moja kwenda lingine.

Halafu hiyo 0.00. Projektivu inahitaji nukta nne, nawe umeipa nne. Wageni wanne, viti vinne: kila mtu kakaa, lakini hujajua kama kuna kiti kibovu. Kosa huanza kuwa na maana nukta zikizidi zinazohitajika. Chukua makutano ya gridi 16 yaliyotapakaa shiti nzima, weka polinomiali 1, ugeuzi usiopinda ramani, kisha uniambie kosa linasomaje.

Chogo, usinichukie. TPS nayo hupita kwenye kila nukta, kwa hiyo kosa lake halionekani. Na Ngerengere umehama kingo mara ngapi tangu shiti ile ichapwe? Huyu binti anatafuta tofauti ya zamani na leo. Akiifunga ramani ya zamani kwenye picha ya leo, tofauti anayoitafuta ameifuta kwa mkono wake.

Binti_Kilakala

Shikamoo mzee. Nimebadilisha kuwa 21037 na ramani nzima imeteleza yenyewe ikakaa. Stesheni imeingia mahali pake, karibu kabisa.

Ila nimeishiwa nguvu. Miteremko inayoutazama mji inashuka kuelekea kaskazini, na ramani yangu ilikuwa imesogea kaskazini. Maana yake mpaka wa msitu wa zamani nilikuwa nauchora chini zaidi kuliko ulivyokuwa. Nilishampelekea msimamizi wangu jedwali la msitu uliopotea! Sehemu kubwa ya ukanda niliomlilia haikuwa ya wakata mkaa, ilikuwa ya datumu. Leo nimemwandikia barua pepe ya kuomba radhi, sijajibiwa.

Nukta 16 nimeziweka, polinomiali 1. Robo tatu za shiti mistari myekundu ya kosa kwenye nukta ni mifupi, pikseli mbili hivi. Robo ya kusini magharibi yote inaelekea upande mmoja, pikseli 6 mpaka 7. Nimebofya upya, haibadiliki.

Mpima_Mstaafu

Marahaba. Yote upande mmoja, tena kwenye robo moja tu? Hiyo si karatasi kusinyaa. Uliskani wapi?

Binti_Kilakala

Mzee, steshenari. Skana yao ni ya A3 na shiti ina sentimita 55 kwa 55 bila pambizo, kwa hiyo kijana aliiskani vipande vinne kwa dpi 300 (pikseli 300 kwa inchi), akaviunganisha kwa Photoshop. Sikusema mwanzoni kwa sababu maungio hayaonekani hata kidogo. Alijisifia sana.

Mpima_Mstaafu

Hayaonekani kwa sababu ameyaficha. Kavuta kipande kimoja mpaka mistari ikutane vizuri machoni. Kwa dpi 300 pikseli moja ni mita 4.2 ardhini, zidisha mwenyewe uone kakuhamishia nini. Rudi ukaombe vipande vinne vya asili, kabla hajaviunganisha. Kila kimoja kifanyie jioreferensi peke yake kwa makutano tisa, 21037 moja kwa moja, kisha kikate kwenye mstari wa gridi ndipo uviunganishe. Na ukiandika koodineti ya kaskazini usisahau 9 ya mbele. Pembeni namba nyingi zimefupishwa, lakini mjini pale ni 9246000 na kitu, si 246000.

Binti_Kilakala

Nimerudi. Kijana alikuwa ameshafuta vipande, nikalipia kuskani upya. Safari hii nilisimama juu ya kichwa chake. Kila kipande kimesoma chini ya pikseli mbili. Stesheni imebaki na mita 15 hivi, na daraja moja la reli ya zamani mita 11. Hizo nizimalizeje?

Mpima_Mstaafu

Usizimalize. Mstari wa nusu milimita kwenye ramani hiyo unafunika mita 25 za ardhi. Andika kwenye ripoti kwamba mpaka wako una shaka ya kiasi hicho, kisha chora msitu.

Chogo_Ramani

Mzee, samahani, nina shiti ya Dodoma mjini niliyoivuta kwa TPS mwaka jana. Nayo ni 21037?

Mpima_Mstaafu

Dodoma mjini iko magharibi ya meridiani ya 36. Kwa hiyo imo kanda ya 36: ni 21036. Lakini soma kwanza pembeni ya shiti, usinisome mimi.