Mrejesho: REXX iliyokubali 1E3 kama namba ya tawi

Wenzangu, niliuliza kwa nini skripti yangu ya REXX (lugha ya kuandikia programu), kwenye meinfremu (kompyuta kubwa) ya kazini hapa Nairobi, inapokea 1E3 (namna ya kuandika 1000) pale mtu anapotakiwa kuandika namba ya tawi yenye tarakimu 4. Jibu nimelipata. DATATYPE, amri ya REXX niliyotumia kukagua aina ya data, husema NUM (yaani namba) kwa 1E3, kwa -5, hata kwa 12 yenye nafasi kando, maana kwa REXX zote ni namba halali. Sasa natumia VERIFY(tawi,'0123456789'), inayotafuta alama isiyo kwenye orodha hiyo ndani ya kilichoandikwa: ikirudisha 0, ni tarakimu tupu. Lakini angalieni sana, mtu akibonyeza Enter bila kuandika chochote, pia hurudisha 0! Ndiyo maana LENGTH(tawi)=4, inayohakikisha urefu ni alama 4, inatangulia. Tangu Jumatatu imekataa kila uchafu niliojaribu. Asanteni mno, nimepumua.