Vijitabu vya baiolojia vinapotosha watoto, na furu, wale samaki wadogo wa ziwani kwetu, hawatajwi popote!

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Nimekaa naye kwenye mada ya evolusheni, yaani viumbe kubadilika vizazi kwa vizazi, akanifungulia kijitabu cha maswali na majibu, vile vinavyouzwa kila duka la vitabu. Kinasema viumbe wakifanana umbo, basi wametoka kwa babu mmoja wa karibu. Mfano wenyewe: papa na pomboo!

Papa ni samaki. Pomboo ni mamalia, ana mapafu na ananyonyesha. Wamefanana kwa sababu wote wanawinda wakiogelea kwa kasi, na kwa maisha hayo umbo lililochongoka ndilo linalofaa. Koo mbili za mbali zimefikia umbo moja, kila moja kwa njia yake. Hiyo ni evolusheni ya kukutana, kinyume kabisa na kilichoandikwa. Mtoto akijibu hivyo kwenye mtihani anakosa maksi, na aliyemkosesha ameshakula hela yetu.

Halafu mifano! Kwenye evolusheni ya kutawanyika, yaani babu mmoja kuzaa aina nyingi zenye maisha tofauti, ni ndege wa visiwa vya Galapagos tu, mwanzo mwisho. Ni mfano mzuri, sipingi. Lakini sisi tunaishi Mwanza! Ziwa Victoria lilikauka na kujaa tena miaka kama 15,000 iliyopita, na humo wakatokea furu wa aina zipatazo 500. Wapo wanaokwangua mwani maweni, wapo wanaoponda konokono kwa meno ya kooni, wapo wanaokula samaki wenzao, na wapo wanaopokonya vifaranga mdomoni mwa mama yao. Mmoja anaitwa Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume lake ni jekundu, na ndugu yake wa karibu anayekaa maji ya juu zaidi ni wa buluu. Jike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yakichafuka, majike hawatofautishi tena rangi, na aina zinachanganyika hadi kupotea. Hayo yametokea hapahapa ziwani kwetu, na binti yangu hajawahi kuyasikia darasani!

Na aina nyingi tumeshazipoteza. Sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alipandikizwa miaka ya 1950, miaka ya 1980 akafumka, furu wakafagiliwa. Tunafundisha nini kama hata hilo halimo?

Hata kwenye kukutana mifano tunayo. Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kuna samaki wanaofanana mistari, midomo, hadi nundu ya kichwani, ungeapa ni ndugu. Vinasaba vinakataa: wa Nyasa wako karibu na Wanyasa wenzao kuliko na hao wanaofanana nao.

Evolusheni ya pamoja, yaani viumbe wawili kubadilishana wakitegemeana, wameipa sentensi moja, nyuki na ua, basi. Nendeni Serengeti au Laikipia kule Kenya, mshike tawi la mgunga wenye miiba yenye vinundu. Sisimizi wanamwagika kutoka kwenye vitundu na kukuuma kabla hujaachia. Mti unawapa nyumba na maji matamu, wao wanafukuza tembo na twiga. Huko Laikipia watafiti waliwazuia wanyama wakubwa kwa uzio miaka 10. Miti ikapunguza nyumba na maji matamu, sisimizi walinzi wakapungua, sisimizi wengine wasiolinda wakashika nafasi, na miti ikaanza kudumaa na kufa zaidi. Matokeo yalitoka mwaka 2008, na vijitabu vinachapwa upya kila mwaka bila kuyagusa.

Mwandishi wa kijitabu hicho, kama unapita humu, toa papa na pomboo hapo ulipowaweka kabla hujachapa tena. Na walimu wa kanda ya ziwa, furu wapo mwaloni, wanakoshushia samaki. Nunueni wachache, wafungueni midomo mbele ya wanafunzi, wayaone hayo meno. Nani kati yenu ameshafanya hivyo? Naomba majibu.