Kampuni iliyokuja chuoni, Ajira Portal au kujitolea hapa hapa Dodoma?

Mwaka_wa_Nne: Wakuu, habari za jioni. Namalizia uhandisi wa programu hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma). Kampuni moja ya Dar ilikuja chuoni kutafuta waandishi wa programu, ikatupa mtihani wa kompyuta wa dakika 90. Tumebaki 11, usaili wa kiufundi ni wiki ijayo. Wakati huo huo ofisi niliyofanyia mafunzo kwa vitendo inataka nibaki kwa posho ya nauli mpaka nafasi ipatikane. Baba naye anasema nisubiri kazi ya serikali kupitia Ajira Portal, ile tovuti ya Sekretarieti ya Ajira ya kuombea kazi serikalini. Mliotangulia, mngeshika ipi?

Nkuhungu: Mdogo wangu, mweleze mzee kwa heshima kwamba huo mlango kwako bado. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kuwa matokeo ya muda hayapokelewi, na wewe cheti hujakishika. Ukishakipata kuna mchujo wa kuandika, mara nyingi na vitendo, ndipo mahojiano. Mimi toka tangazo hadi kupangiwa kituo ilikuwa miezi tisa, nikila kwa dada. Leo niko ofisi za serikali Mtumba na nashukuru, ila usikae bure ukisubiri.

Dada_Hifadhidata: Nenda kwenye usaili, mdogo wangu, na ujiandae kweli kweli. Ule mtihani umepima kasi yako. Sasa watataka kujua kama unakielewa ulichokiandika. Mwaka wangu wa mwisho niliweka kwenye wasifu mfumo wa kusajili wagonjwa tulioujenga watu watano. Msaili akauliza swali moja: kwa nini jedwali la wagonjwa mmelitenga na la mahudhurio? Aliyelichora ni mwenzangu. Nilikaa kimya, na kazi nikaikosa hapo hapo. Inaniuma hadi leo, kwa sababu jibu lilikuwa jepesi: mgonjwa mmoja huja mara nyingi, jina lake halina haja ya kuandikwa upya kila akija.

Kwa hiyo fungua mradi wako GitHub, kule tunakohifadhi kazi za programu mtandaoni, upitie faili kwa faili, na umsimulie mwenzako wa chumbani hadi aelewe. Fanya mazoezi ya algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, kwa kalamu na karatasi, maana wengine hukusimamisha ubaoni. Ukikwama, fikiri kwa sauti. Sasa hivi nami nakaa upande wa wasaili, na anayefikiri kwa sauti naweza kumsaidia, aliyenyamaza siwezi.

Kikuyu_Kaskazini: Mimi nilibaki kwenye ofisi ndogo Dodoma na nilijifunza mengi, tangu seva hadi kuongea na wateja. Lakini nilikuwa na mkataba wa maandishi wenye tarehe ya mwisho. "Mpaka nafasi ipatikane" haina tarehe, kaka.

Mwaka_wa_Nne: Asanteni sana. Nitakwenda kwenye usaili. Wakinipa ofa, niangalie nini?

Nkuhungu: Mshahara wa msingi, si jumla tu. Kama ulisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo hukata 15% ya huo wa msingi, serikalini na kwa kampuni binafsi sawa. Hesabu na kodi ya chumba Dar, wenye nyumba wengi hutaka ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Halafu soma kipindi cha majaribio: chini ya miezi sita kazini, sheria ya ajira ya 2004 haikupi kinga ya kuachishwa isivyo haki. Cheti kikitoka, jaza Ajira Portal ukiwa huko huko kazini.