Majirani Kwa Mrombo, Jumanne 9 Mei 2017

[19:02] Mjumbe: Poleni tena majirani. Jana tumewaaga pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid watoto wetu wa darasa la saba wa shule ya Lucky Vincent, walimu wao na dereva, waliokufa kwenye ajali ya basi la shule Jumamosi; sasa kila familia iko kwenye maziko yake. Naomba tukubaliane leo mchango wetu kwa Lucky Vincent unakwendaje. Mpaka tukubaliane, mtu asipite nyumba kwa nyumba akikusanya.

[19:04] Dada Mhazini: Tuanze na hesabu. Waliofariki kwenye ajali hiyo kule Rhotia, Karatu, ni 35: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watu wanazungumza 32 tu. Tukigawa kwa 32 tumeruka nyumba tatu zenye msiba uleule.

[19:05] Mwalimu Mstaafu: Na watoto watatu walionusurika wawekewe fungu lao. Mzazi anayeshinda hospitali anahitaji nauli, chakula na vocha kila siku.

[19:09] Dada Mhazini: Sawa mwalimu. Pesa ipite laini moja tu, mpya, isiwe laini ambayo mtu ananunulia luku na kulipia vikoba. Pesa ya msiba ikichanganyika na ya nyumbani, hata mwaminifu anashindwa kuitolea hesabu. Mmoja ashike laini, mwingine ajue namba ya siri, kutoa wawe pamoja. Kila saa mbili usiku nitapiga picha ukurasa wa daftari niweke hapa: jina, kiasi, saa, namba ya muamala. Asiyetaka kutajwa ataandikwa "jirani".

[19:11] Baba Mwenye Duka: Kuna namba tatu nimetumiwa tangu juzi, zote zinasema ni za rambirambi.

[19:12] Dada Mhazini: Usitume hata moja, kaka. Namba yetu itawekwa hapa na Mjumbe mwenyewe. Hata hiyo, tuma elfu moja kwanza, soma jina kwenye ujumbe unaorudi, likiwa ndilo ndipo utume iliyobaki. Na tuongeze ya kutolea, la sivyo makato yanakula mchango.

[19:15] Baba Mwenye Duka: Tukishakusanya tupeleke yote wiki hii basi, wakati machungu bado mabichi.

[19:18] Dada Mhazini: Nusu tu. Wiki hii kila mtu anatoa. Julai hakuna anayekumbuka, na ndipo mzazi anarudi kazini akiwa amemaliza akiba yake kwenye msiba, na ana watoto wengine wa kulipia ada. Nusu ya pili ikae mpaka Septemba, darasa la saba wanapofanya mtihani wa taifa. Siku hizo nyumba zile zitaumia upya.

[19:19] Mjumbe: Naunga mkono.

[19:20] Baba Mwenye Duka: Hapo nimekuelewa dada. Nusu.

[19:27] Mwalimu Mstaafu: Sasa shuleni penyewe. Tukionana na mkuu wa shule tusiende na maturubai na hotuba, tujitolee kazi ambazo walimu waliofiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Ya kwanza ni rejesta. Mwalimu akiishika asubuhi ya kwanza ataita majina kwa mazoea, na jina likishatamkwa darasa zima linavunjika. Ipigwe mstari kwa rula na tarehe iandikwe, kabla mtoto yeyote hajaingia.

[19:30] Mwalimu Mstaafu: Ya pili, namba za wazazi hao zitolewe kwenye orodha ya ujumbe wa kukumbusha ada. Ule ujumbe hutumwa kwa wote kwa mkupuo, na mama anaweza kuupokea akiwa kaburini.

[19:31] Mama wa Jikoni: Ee Mungu wangu. Hilo lifanyike hata leo.

[19:35] Mwalimu Mstaafu: Ya tatu, madaftari, sweta, vikombe vya uji. Kila mtoto boksi lake na jina juu, hata kipande cha penseli kiwemo. Mwalimu anayemfahamu mtoto apige simu kwanza, kisha apeleke kwa mkono. Mzazi asiitwe kuja kuchambua kwenye lundo. Madawati yasiondolewe usiku watoto wakiwa hawapo. Waliobaki waulizwe wanataka yakaeje.

[19:41] Nesi: Na nyumbani kwetu, maana watoto wetu walicheza nao. Usimwambie mtoto "wenzako wamelala", ataogopa kulala. Mwambie wamekufa, hawarudi, na si kosa lake. Atalia asubuhi na mchana atacheza kombolela. Msimkemee, watoto huomboleza hivyo. Kukojoa kitandani, tumbo kuuma wakati wa kwenda shule, kukataa kupanda gari, vumilieni wiki za mwanzo. Ikipita mwezi bila kupungua, mleteni hospitali. Akisema anataka kuwafuata wenzake, mleteni siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.

[19:43] Nesi: Picha za ajali zilizowekwa humu asubuhi zifutwe, na kila mmoja azifute kwenye simu yake pia. Simu hizo watoto wanachezea.

[19:44] Mjumbe: Zifutwe sasa hivi tafadhali.

[19:50] Mama wa Jikoni: Chakula kipikwe siku moja tu, wazazi watakapoitwa shuleni. Makande ya watu 100: mahindi ya kukoboa kilo 10, maharage kilo 5, vitunguu kilo 2, mafuta lita 2. Mahindi yalowekwe usiku kucha na yatangulie jikoni saa nzima. Vikiingia pamoja maharage yanapondeka mahindi bado magumu. Chai maziwa lita 10, sukari kilo 2. Msilete sukari zaidi, leteni kuni.

[19:52] Mjumbe: Kesho saa kumi jioni mimi na Mwalimu tunakwenda kuuliza kama wanaihitaji misaada hii, na lini. Tukiambiwa tusubiri, tutasubiri.

[19:54] Mama wa Jikoni: Sufuria kubwa ninazo mbili, nahitaji ya tatu na mwiko mrefu.

[19:55] Baba Mwenye Duka: Vyote viko dukani kwangu. Njoo na mtu wa kukusaidia kubeba, sufuria ni nzito.