Tupeane uzoefu: kipande gani cha The Martian hakijakutoka moyoni?

Mama Zamu: Wakuu, juzi nimeirudia The Martian ya Ridley Scott (2015), ile mwanaanga Watney (Matt Damon) anaachwa Mars wenzake wakidhani amekufa. Mara ya kwanza niliitazama na mashemeji, kelele tupu, sikuambulia kitu. Safari hii nilikuwa peke yangu. Pale Watney anapokaa kuhesabu chakula, akiba ya siku 68 ya watu sita imebaki ya mtu mmoja, na msafara mwingine ni baada ya miaka minne, niliisimamisha nikaenda kufungua kabati la unga. Nilipopangiwa kazi mkoa wa mbali mshahara ulichelewa miezi miwili, nikawa nahesabu vikombe vya unga vivyo hivyo kila usiku. Ninyi je?

Shamba Darasa: Nalima viazi mviringo Njombe. Anavyokata kiazi, kila kipande na jicho lake, ndivyo tunavyofanya mbegu zikipungua. Sasa ule mlango wa hewa wa makazi yake ulipolipuka na baridi ya Mars ikaingia shambani mwake, mke wangu aliniuliza mbona nimenyamaza. Mwaka fulani mwezi wa saba niliamka alfajiri nikakuta jalidi imelala ekari mbili nzima. Jua lilipochomoza majani yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Deni la mbegu lilikuwa bado.

Kidagaa: Pole sana mkulima. Na mimi ni hapo hapo.

Mpima Upepo: Filamu naipenda, lakini ile dhoruba ya mwanzo haiwezekani. Hewa ya Mars ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya hapa kwetu. Upepo wa namna hiyo hauinamishi roketi. Andy Weir aliyeandika kitabu alikiri mwenyewe. Halafu udongo: chombo cha Phoenix kilikuta perkloreti mwaka 2008. Ni sumu. Vile viazi vingemdhuru.

Shamba Darasa: Hiyo si chumvi inayoyeyuka kwenye maji? Suuza udongo kwanza, ndipo upande.

Mpima Upepo: Maji yenyewe anayatengeneza kwa mafuta ya roketi na karibu ajilipue! Asuuzie yapi?

Waru wa Nyahururu: Sisi viazi hivyo twaita waru. Mimi kilichoniudhi ni kuipa tuzo ya Golden Globe ya vichekesho. Mtu anajitoa kipande cha chuma tumboni kwa mkono wake, mnaita kichekesho?

Mzee wa Tiketi: Biashara tu. Hata Wachina wamechomekwa mwishoni ili filamu iuze kwao.

Kidagaa: Wachina wamo tangu kwenye kitabu. Soma kwanza ndipo ushutumu.

Mwana wa Chole: Sikutaka kuandika, ila hilo kabati la unga limenigusa. Tulikuwa watatu, mjomba, binamu yangu na mimi wa miaka 17, tunatoka Kilwa kurudi Mafia kwa boti ya faiba. Katikati mashine ikazima. Mjomba akaifungua, akaifunga, akaifungua tena mpaka vidole vikachubuka. Tukatupa nanga, kamba ikaisha haijagusa chini. Simu hazikushika mtandao. Maji ni dumu la lita 5, halikujaa. Mjomba akachukua kikombe cha kahawa, akakadiria dumu lina vikombe sitini. Kimoja asubuhi, kimoja adhuhuri, kimoja magharibi, kila mtu. Tukishakunywa anatamka vilivyobaki. Hamsini na saba. Hamsini na nne. Usiku analilalia dumu kichwani, maana binamu alishaanza kulinyemelea.

Usiku wa pili ilipita meli kubwa, taa zake kama mji. Tulilowesha shati petroli tukaliwasha juu ya kasia, tukapiga kelele hadi sauti zikakauka. Haikugeuka. Binamu akalia kama mtoto. Mjomba aliitazama mpaka ikapotea, kisha akasema, "Arobaini na nane." Siku ya nne asubuhi jahazi likatukuta, vimebaki thelathini na sita. Watney akihesabu viazi vyake mimi namsikia mjomba, Mungu amrehemu.

Mama Zamu: Nimesoma nimesimama jikoni. Mungu amrehemu.

Mzee wa Tiketi: Mngeogelea mkaone nchi kavu. Vijana wawili mna nguvu.

Kidagaa: Usithubutu kuacha chombo! Chombo huonekana, kichwa cha mtu hakionekani.

Waru wa Nyahururu: Mie nasema simu mbili, mitandao miwili, ndani ya nailoni. Na msisafiri bila tochi.

Dada wa Feri: Tochi inasaidia nini meli ikiwa mbali? Beba maji mara mbili ya safari, basi.

Shamba Darasa: Hata Watney hakuona wa kumwita mpaka alipofukua kile chombo cha Pathfinder cha mwaka 1997. Ninyi hamkuwa na cha kufukua.

Mpima Upepo: Mwana wa Chole, samahani, upepo ulikuwa upi siku hizo?

Mwana wa Chole: Kusi, mwezi wa sita. Mkondo nao unaelekea huko huko kaskazini. Tuliiona minazi ya Mafia kwa mbali, tukapita nayo.

Mpima Upepo: Hamkuwa na turubai mfanye tanga?

Mwana wa Chole: Lilikuwepo. Binamu alitaka tulitweke, mjomba akakataa, akalitandaza juu yetu. Alisema tukivuja jasho hesabu yake ya vikombe itaharibika.